Maonesho ya Waswahili yalianzia Illinois, vyuo vyetu vilikuwa wapi?

Mwisho wa Agosti 2017 makumbusho ya sanaa ya Krannert, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign, Marekani, yalifungua maonesho yanaitwa World on the Horizon, na mada nzima ilikuwa sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Sio ile kona ya kinyago kimoja na ngoma mbili ambayo Afrika Mashariki huwa inapewa kwenye majumba ya wenzetu, hapa ni Waswahili mwanzo mwisho, vitu 150 na ushee, viti vya enzi, misahafu iliyoandikwa kwa mkono, mbao za kuchonga, kanga, sahani za kaure, mapambo ya wanawake, picha za studio za enzi hizo. Vingine viliazimwa Fort Jesus na makumbusho ya Lamu, vingine vikatoka makumbusho ya Bait Al Zubair kule Maskati, Omani, vingine Ulaya na hapohapo Marekani. Na Champaign kwa asiyejua iko katikati ya mashamba ya mahindi, ukitaka kuona maji ya chumvi unaendesha gari kutwa nzima.

Pale yalikaa mpaka Machi 2018, yakahamia Washington kwenye makumbusho ya Smithsonian ya sanaa ya Afrika, alafu yakamalizia Los Angeles kwenye makumbusho ya Fowler ambayo nayo ni ya chuo, UCLA, mpaka Februari 2019. Vituo vitatu, vyote Marekani, viwili kati yake vyuo vikuu. Baada ya hapo makreti yakafungwa, vitu vikarudi kwa wenyewe. Mombasa hayakuja, Unguja hayakuja, Dar hayakuja.

Najua wengi mkisikia hivi mnaanza na ile nyimbo ya wazungu wametuchukulia utamaduni wetu. Mi kwa hili siko huko. Vitu viliazimwa kwa makaratasi, wenyewe wakakubali, na kazi iliyofanyika ni nzuri kweli, tuwe wakweli. Kinachonikera ni kwamba kazi ya aina hii inataka chuo kikuu hasa, na sisi vyuo tunavyo tele, tunafungua vipya kila baada ya muda, ila kuandaa maonesho bado tunaona ni kazi ya watu wa utalii.

Kwanini nasema inataka chuo? Kwasababu ya muda na ubishi. Waliosimamia maonesho yale ni Prita Meier na Allyson Purpura. Meier ni mwanahistoria wa sanaa, 2016 alitoa kitabu kuhusu miji ya bandari ya Waswahili, na Purpura ndo alikuwa anashika sanaa za Afrika pale Krannert, na huko nyuma alishakaa Unguja kwa utafiti wake. Hawa si watu waliopewa wiki sita na bajeti ya turubai. Hii ni miaka ya kusoma, kusafiri, kubishana, kuomba ruzuku (mfuko wa serikali ya Marekani wa elimu ya utamaduni ulitia hela), kuandika katalogi nene, yaani kitabu cha maonesho yenyewe, ambayo saivi mtu yoyote anaetaka kuandika kuhusu sanaa ya pwani lazima aipitie. Makumbusho ya taifa haiwezi kirahisi, mana yenyewe ina watalii wa kuhudumia, ina wanafunzi wa shule wanaoshuka kwenye basi saa nne asubuhi, ina wizara juu yake inayotaka hadithi moja iliyonyooka ya taifa. Chuo kinaruhusiwa kuacha swali wazi.

Chukua kiti cha enzi. Kipo wima kabisa, mgongo mrefu, mikono pembeni, mbele kuna kibao cha kuwekea miguu, mti mweusi mzito, na juu yake wamepachika vipande vidogovidogo vya pembe au mfupa kwa nakshi. Alafu mgongoni na pa kukalia wamesuka kamba nyembamba, kazi ya mikono yenye subira ya ajabu. Ni kiti cha nyumba za wenye nazo za Lamu, Pate, Mombasa, anaekalishwa pale ni mgeni wa heshima, na ukikaa huwezi kujiachia, kiti chenyewe kinakulazimisha ukae kama mtu mkubwa. Sa uliza kimetoka wapi. Kuna wataalam wanaosema umbo lake limetoka Misri ya Wamamluki, watawala wa zamani wa huko, kuna wanaoangalia Wareno na Wahispania, kuna wanaotaja India, na kuna mwenye kukwambia acheni hayo, kiti kimechongwa na fundi wa pwani kwa mteja wa pwani, yatosha.

Kwenye kibao cha maelezo cha makumbusho ya kawaida utasoma kiti, Lamu, karne ya 19, basi, unapita. Kwenye maonesho ya chuo huo ubishi ndo mzigo wenyewe, kiti kinawekwa na vitu vingine vya bahari ileile ili uone kwamba kukopa umbo la mbali na kulifanya lako ndio ilikuwa sanaa yenyewe, na aliekuwa na kitu cha mbali ndani kwake alikuwa anasema mi naijua dunia. Na hili ni swali letu la kila siku ujue. Pwani watu bado wanapigana maneno nani Mswahili, nani Mwarabu, nani mtu wa kuja, na siasa inaingia humohumo. Kiti kimoja kingeweza kukalisha darasa zima wiki mbili, na darasa linalohitaji mjadala huo zaidi lipo Mombasa na Dar, sio Champaign.

Au msahafu wa Siyu. Siyu ni mji kwenye kisiwa cha Pate, leo ukifika utakuta ngome na utulivu, lakini zamani ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, watu wa ngozi, wa mbao, wa kunakili vitabu. Misahafu yao inajulikana kwa sura yake, maandishi mazito yaliyokaa vizuri kwenye ukurasa, wino mweusi na mwekundu na njano, nakshi pembezoni. Mmoja upo Fowler, ndio, kwenye makumbusho ya chuo Los Angeles, na Zulfikar Hirji wa chuo kikuu cha York kule Toronto ameifanyia misahafu ya Siyu kazi kubwa ya utafiti. Yaani fikiria, mtoto wa Siyu leo akitaka kujua babu zake walivyochanganya wino itabidi asome kazi iliyoandikwa Kanada kuhusu kitabu kilichopo Kalifonia. Simlaumu Hirji hata kidogo, yeye kafanya kazi yake. Nauliza wa kwetu.

Kanga nisiziongelee sana, kila mtu anazijua, ila ni mfano mzuri wa jinsi ambavyo hatuna haja ya kuazima mbali. Zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani, biashara yake ilikuwa mikononi mwa watu kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ile nembo ya Mali ya Abdulla mpaka leo bibi zetu wanaitambua kwa kuishika tu kitambaa. Na hao bibi ndo wenye mkusanyiko wenyewe. Pitia masanduku ya mtaa mmoja tu wa Tanga au Ng'ambo ya Unguja uone kama huna maonesho ya miaka 60, tena na mwenye kanga yupo hai anakuelezea hii nilipewa na nani na nilimvalia nani ili asome ujumbe akasirike.

Ila tusije tukavipaka vyuo vya nje manukato. Jimbo hilohilo la Illinois, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Champaign, kuna chuo kingine kinaitwa Illinois State, na huko ndo ilitokea habari ya vigango. Kigango ni ule mti wa kuchonga ambao Wamijikenda, hasa Wagiriama, wanamsimamishia marehemu aliekuwa kwenye chama cha wazee kinachoitwa Gohu, na ukishasimikwa hauondolewi, unaachwa mpaka uoze wenyewe, mana roho ya mzee ipo pale. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kule nyuma ya pwani ya Kenya amesimama pembeni ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadae vyote viwili vikaibiwa. Mwaka 1999 Udvardy yupo kwenye mkutano wa wasomi wa Afrika kule Marekani, mwenzake Linda Giles anaonesha slaidi za vitu vilivyopo makumbusho ya chuo cha Illinois State, na kimoja wapo ni kilekile cha kwenye picha. Cha pili kikaja kuonekana makumbusho ya chuo cha Hampton, Virginia, ambako kulikuwa na vigango karibu mia. Utafiti wao ukahesabu vigango 294 kwenye makumbusho 19 za Marekani. Vile viwili vilirudi, na 2007 vikakabidhiwa kijijini kwa sherehe.

Mimi hadithi hii naisoma pande zote mbili. Chuo kilipokea mali ya wizi kwa sababu aliyetoa zawadi alikuwa tajiri na hakuna aliyeuliza. Na chuo hichohicho, kwa kuwa kina watu wanaoonesha slaidi zao kwenye mikutano na kuna mtu kwenye viti anakumbuka picha aliyopiga zamani, ndicho kilichofanya wizi ujulikane. Kwenye nyumba ya mtu binafsi kile kigango kingekuwa kinatundikwa koti mpaka leo.

Na ukiangalia wanaorudisha vitu siku hizi, vyuo vimetangulia makumbusho kubwa za kitaifa. Uingereza ile British Museum inajifichia kwenye sheria ya 1963 inayoibana isitoe vitu, chuo hakina kisingizio hicho. Oktoba 2021 Jesus College ya Cambridge iliirudisha kwa Nigeria ile sanamu ya jogoo wa shaba ya ufalme wa zamani wa Benin, siku moja baadae chuo kikuu cha Aberdeen nao wakarudisha sanamu ya kichwa cha Oba, yaani mfalme wa Benin hiyohiyo. Fowler hiyohiyo iliyopokea maonesho yetu, Februari 2024 ilipeleka Kumasi, Ghana, vitu 7 vya ufalme wa Asante moja kwa moja, bila masharti.

Sasa Uganda. Juni 2024 makumbusho ya akiolojia na anthropolojia ya Cambridge ilipeleka vitu 39 Uganda Museum, Kampala. Vingi ni vya enzi za mmisionari John Roscoe, mwanzoni mwa karne ya 20, humo kuna vitu vitakatifu vya Buganda ambavyo hata kuvitaja kuna adabu zake. Aliyesukuma mradi ni Derek Peterson wa chuo kikuu cha Michigan, akishirikiana na wataalam wa Uganda Museum kina Nelson Abiti. Hongera zao. Ila soma makubaliano: ni mkopo wa miaka 3, unaweza kuongezwa. Cambridge ina vitu kama 1,500 vya Uganda, imetoa 39, tena kwa kuazima! Mwenye mali anaazimwa mali yake na anaambiwa itunze vizuri tutapita kuikagua. Kuna wanaosema ndo mwanzo, mlango umefunguka, tusikimbilie kulalamika. Inawezekana. Mi naona kama mwenzao wa mtaa wa pili, Jesus College, aliweza kutoa moja kwa moja, basi hili la kuazima ni uamuzi tu, halikuwa la lazima.

Na uchungu zaidi ni kwamba Kampala hiyohiyo ndiko mambo haya yalikoanzia kwetu. Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere 1937, kwenye baraza ya nyumba yake, na 1939 kazi za wanafunzi wake zikawa zinaoneshwa London. Krannert ilianzishwa 1961, Fowler 1963. Kwa maana hiyo Makerere ilikuwa inafundisha na kuonesha sanaa wakati hao wote bado hawajaweka hata tofali. Walitoka pale kina Sam Ntiro na Elimo Njau, wote watu wa Kilimanjaro, na Gregory Maloba wa Kenya ambae ndo alichonga ile sanamu ya uhuru iliyopo katikati ya Kampala. Ntiro 1960 picha yake ilinunuliwa na MoMA, makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York, akaja kuwa balozi wetu wa kwanza London, enzi za Tanganyika. Njau akaenda kuchora kuta za kanisa la kumbukumbu Murang'a na baadae yeye na wenzake wakaanzisha galari ya Paa ya Paa, Nairobi. Mtanzania, Mkenya na Mganda kwenye chumba kimoja wanabishana rangi na umbo, na hakuna aliyesubiri jumuiya isainiwe. Makerere ina galari yake mpaka leo. Ila muulize mwanafunzi wa sheria au wa udaktari wa palepale kampasi kama alishawahi kuingia.

Tatizo letu kubwa ni shughuli ya ufunguzi imemeza maonesho. Mnaijua. Kuna mgeni rasmi, anachelewa saa mbili, kuna kukata utepe, risala, salamu za makamu mkuu wa chuo zinazosomwa kwa niaba, kikundi cha ngoma kinacheza dakika saba alafu kinaambiwa inatosha, sambusa na soda, picha ya pamoja, imeisha. Kesho yake ukienda mlango una kufuli na mwenye funguo yupo semina. Hela zote zimeishia kwenye turubai, viti na posho, kwenye maelezo ya picha wameandika jina la kazi na mwaka, hata huo mwaka wakati mwingine hakuna. Hakuna kijitabu, hakuna mjadala wiki ya pili, hakuna mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandika kitu kuhusu kilichopo ukutani. Miezi sita baadae huwezi kuthibitisha kwamba maonesho yalikuwepo, labda kwenye simu ya mtu. Na hapa sizungumzii chuo kimoja, ni desturi.

Wakati World on the Horizon nayo ilikuwa na ufunguzi wake, wakanywa vyao, lakini ukicheki iliyobaki ni katalogi, ni mihadhara, ni wanafunzi waliotembezwa mule na walimu wa historia, wa lugha, wa usanifu majengo, kila mmoja na somo lake. Kitu kimoja kinafundishwa na idara tano. Hiyo ndo faida ya makumbusho kuwa chuoni, vinginevyo si bora tu ikodishwe ukumbi wa hoteli.

Watu wataniambia hela. Sawa, hela ni kweli, kuazima kitu cha makumbusho kuna bima, kuna hewa ya kudhibiti unyevu, kuna mtu wa kusafiri na kreti, kuna ulinzi usiku. Ule mzigo wa kuleta vitu 150 kutoka nchi kibao sidhani kama chuo chetu kitaubeba kesho. Lakini nani kasema tuanzie huko? Anza na sanduku la bibi. Mwanafunzi wa historia anapewa muhula mmoja, anakaa na mama mmoja mwenye kanga zake, anarekodi, anaandika, kanga inakaa kwenye kabati la kioo miezi miwili na inarudi kwa mwenyewe imefuliwa na kukunjwa. Bima yake ni uaminifu na karatasi moja ya kusaini. Fundi wa milango wa Zanzibar akaribishwe achonge palepale mbele ya wanafunzi wa uhandisi, wabishane nae kuhusu mti na msumari. Na tusijifanye hatuwezi kuendesha shughuli za utamaduni chuoni, tamasha la Bagamoyo linaandaliwa na chuo cha sanaa cha palepale, TaSUBa, toka miaka ya themanini, na mji mzima unaingia. Ngoma tumeweza. Kabati la kioo na maelezo yenye akili ndo tumeona si kazi.

Kingine ni walimu wenyewe. Profesa wetu anapandishwa cheo kwa makala kwenye majarida, akikaa miaka miwili anaandaa maonesho hiyo kwenye fomu inaingia wapi? Haiingii, au inaingia kwenye kipengele cha huduma kwa jamii pamoja na kuchangia damu. Sa nani ajisumbue. Hili halihitaji mfadhili wa nje, linahitaji seneti ya chuo ikae jumanne moja ibadilishe fomu.

Mkopo wa Cambridge kwa Uganda unafika miaka 3 mwaka 2027. Kutoka Makerere mpaka Uganda Museum pale Kitante ni safari fupi ya bodaboda. Watakapokaa mezani kuzungumza kama mkopo unaongezwa au vitu vinabaki moja kwa moja, upande wa Cambridge utakuja na wasomi wake na mafaili ya kila kitu, kimetoka kwa nani, lini, kwa njia gani. Ningependa kujua upande wa pili wa meza wanafunzi wa Makerere watakuwa wameandika nini kuhusu vitu hivyo 39 mpaka siku hiyo.